Mzee Kofil, Baba wa Makaratasi

Mzee Kofil hakuwahi kuoa, lakini alikuwa na watoto kumi na tisa. Watatu walizaliwa wiki moja, kila mmoja na mama yake.

Aliuza tambuu upande wa India, hatua arobaini kutoka mlangoni kwetu. Sisi tulikuwa Bangladesh: kijiji kimoja, India imekizunguka pande zote. Hospitalini kwao mjamzito alitakiwa awe na mume raia. Basi uchungu ukimshika mtu, alipitishwa kwanza kibandani kwa Mzee Kofil, wakatoka pamoja na kitambulisho chake. Siku ya kumzaa Tuhin, mume wangu Monsur alibaki getini, akaitwa shemeji. Mzee ndiye aliyeingia wodini na machungwa, akamkunjia nesi uso: "Mbona mwanangu mmemfunga kama sambusa?"

Kisha serikali mbili zilizovutana tangu mama mkwe wangu hajazaliwa zikaelewana. Zikabadilishana vijiji bila risasi hata moja, na sisi tukawa India palepale tulipoketi. Akaja karani, Bwana Barman, na daftari lake.

"Mama Tuhin, hapa baba wa mtoto ni Kofiluddin. Huyu Monsur ni nani?"

"Mume wangu."

"Na Kofiluddin?"

"Baba wa mtoto. Yaani, wa hospitali."

Akavua miwani, akaifuta. "Asipomkana mwenyewe kwa dole gumba, namwandika Kofiluddin. Saa kumi nafunga."

Tukamwendea mzee kibandani, karani akatufuata na daftari lake. Tangu asubuhi alikuwa ameshawakana kumi na wanane, dole gumba limekuwa la buluu. Kwa Tuhin akagoma.

"Wale niliwaona siku ya kuzaliwa tu. Huyu ana miaka minne, kila siku ananipangia majani ya tambuu. Namkanaje?"

"Babu, ni mwanangu wa pekee!" Monsur akasema.

"Wewe ulikuwa getini, shemeji."

Watu wakaangua kicheko. Monsur hakucheka. Niliona anavyokishika kisigino cha Tuhin, aliyekuwa mikononi mwake, kama mtoto anaweza kuchukuliwa muda wowote.

Bwana Barman akatazama saa. "Nchi mbili zimepatana, nyinyi wawili mnanishinda?"

Nikajikaza. "Babu, hata hizo nchi mbili hakuna iliyotoa bure. Sema unataka nini."

Akatafuna, akatema pembeni. "Nataka niandikwe popote. Nisitoke humo daftarini kama sikuwepo."

Karani akapitisha kidole kwenye ukurasa. "Iliyobaki tupu ni nafasi ya baba wa Monsur."

Monsur alilelewa na mama mdogo. Baba yake hata jina hakumwachia. Akamtazama mzee, akanitazama mimi, akamtazama Tuhin aliyekuwa anamvuta sikio.

"Mwandike," akasema.

Mzee Kofil akamkana Tuhin palepale, akabandika dole gumba kwa nguvu hadi meza ikayumba. Wino haujakauka, akamgeukia Monsur.

"Haya, mwanangu, mbona umesimama? Gunia la popoo za tambuu liko kwenye jua kali. Libebe."

Monsur akalibeba.