Tone la Rangi ya Kucha

Kitale nzima hakuna aliyemwamini fundi wa baisikeli kama Edinah alivyomwamini Wabwile. Na nani angemlaumu? Babake alipozikwa Naitiri, ni Wabwile aliyeshusha baisikeli ya mashindano iliyokuwa imetundikwa bandani mwake, akampa, akamfundisha kuinama, kupumua na kubadilisha gia. Watu wengine humwita fundi huyo Baba Ivy, kwa jina la bintiye. Edinah alimwita Baba, basi, na fundi aliitika.

Ivy naye ni mwendeshaji. Wasichana hao walifanya mazoezi pamoja, na mwaka huu walikitaka kitu kimoja: kushinda mbio za Kitale hadi Bungoma, kwa sababu msichana wa kwanza angechukuliwa na timu ya kulipwa. Nafasi ilikuwa moja tu. Edinah, anayeuza mboga na mamake sokoni, aliilalia na kuiamkia nafasi hiyo.

Mbio zilipokaribia, Wabwile aliipindua baisikeli ya Edinah, akaitazama kranki, ile mikono ya pedali na sahani zake za meno, akasonya.

"Hii meno imeisha, mwanangu. Cheni itaruka ikuangushe. Wacha nikuwekee hii yenye sahani ndogo. Mlima utapanda ni kama umekaa."

"Na mteremko, Baba?"

"Si mteremko inajiendesha yenyewe, bana!"

Edinah akacheka. Kranki ya zamani ikatupwa kwenye debe la vyuma chakavu, naye akaionea huruma kidogo. Mamake, Phelista, hupaka vyombo vyake tone la rangi ya kucha kabla ya kuviazimisha matangani, ili virudi nyumbani. Edinah, kwa kuiga, aliwahi kupaka tone jekundu kwenye ncha ya mkono wa kranki, chini kabisa ya pedali. Alilipaka kimya kimya, maana wavulana wa bandani wangemcheka.

Siku ya mbio, Edinah alipaa. Kilima cha kutoka daraja la Kamukuywa alikipanda akiwaacha wenzake wanahema, na moyoni akamshukuru Baba. Kisha barabara ikaanza kuteremka.

Hapo miguu ikamsaliti, au tuseme ukweli, si miguu. Aliongeza gia hadi ya mwisho, akakanyaga, na pedali zikazunguka bure kama kinu cha posho kilichoishiwa mahindi. Kadiri alivyokanyaga ndivyo alivyochoka, na kasi haikuongezeka hata kidogo. Ivy akampita polepole, miguu imetulia, kila mkanyago unameza lami. Edinah akabaki nyuma yake akitazama miguu hiyo. Mkono wa pedali ulipopanda, tone jekundu likaonekana. Likashuka, likapanda tena.

Sahani zilikuwa zake. Meno aliyoambiwa yameisha yalikuwa yakimvuta Ivy kuelekea Bungoma.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Lakini hawakutuambia kwamba kitakuita mwanangu huku kikikula. Edinah alilia akiwa juu ya baisikeli, machozi yakienda masikioni kwa upepo, na bado alikanyaga, maana kusimama kungekuwa kumsaidia Wabwile.

Alifika wa pili. Wabwile alikuwa mstarini amemkumbatia Ivy. Alipomwona Edinah akamnyooshea chupa ya maji.

"Umejaribu, mwanangu. Pole."

Edinah hakuichukua. Aliinama kwenye baisikeli ya Ivy, akafuta grisi kwa kidole, tone likang'aa.

"Hii ni rangi ya mama yangu," akasema.

Ivy akalitazama tone, kisha akamgeukia babake. "Dadi, si ulisema ulinunua hii kranki huko Suam?"

Fundi alitafuta pa kuweka macho, akakosa. "Edinah, si unajua," akasema kwa sauti ndogo. "Ivy ni damu yangu. Ungekuwa mzazi ungeelewa."

Wasimamizi walikuwa wanamwita Ivy jukwaani, na Ivy hakusogea. Edinah akainua baisikeli yake, akaigeuza.

"Asante kwa kunifundisha, Baba Ivy."

Kitale nzima humwita hivyo, na huitika. Siku hiyo hakuitika.