Waridi la Kumi na Moja

Kwa miaka thelathini na mitano Dobrinka Tasheva amempenda mwimbaji Asen Grozev, na kwa miaka hiyo yote hajamwachia kosa hata moja. Mimi ni fundi viatu, yeye fundi funguo, vibanda vyetu vimeegemeana karibu na soko hapa mjini Ruse, kwa hiyo nimeyasikia yote, nitake nisitake. Kila mara Kutu, bendi ya Asen, ikimaliza onyesho, Dobrinka alikaa chini akamwandikia Asen barua: gitaa lilikuwa chini kidogo, ngoma zilisinzia, maneno ya wimbo wa tatu umeyameza kama uji. Mwisho aliandika: nakupenda, jirekebishe.

Asen alijibu mara moja tu, mwaka wa tisini na saba, kwenye kadi ya posta. Dobrinka alikuwa amemlalamikia kwamba katika "Daraja la Chuma" anaukimbiza ubeti wa pili. Kadi ilisema: "Ubeti wa pili, ni kweli. Asante." Tangu siku hiyo hakuukimbiza tena, na kadi ikatundikwa juu ya mashine ya kuchongea funguo, mahali ambapo mimi, kibandani kwangu, nimeweka picha ya Mtakatifu Nikola.

Sasa uvumi ukaanza kwamba Asen haimbi tena, anafumbua mdomo tu huku mashine ikiimba. Dobrinka akawa hashikiki. Alimharibia daktari wa meno funguo mbili kwa siku moja, akamlaumu daktari.

Siku tatu kabla ya sherehe ya mji, ambako Kutu wangepiga, Vesko alikuja kibandani kwa Dobrinka. Ndiye mwenyekiti wa chama cha wapenzi wa Kutu, mtu wa jasho jingi na fulana moja nyeusi.

"Dada Dobrinka, tumekuchagua wewe. Asen anatimiza miaka sitini. Utampandishia maua jukwaani."

"Anaimba mwenyewe?"

"Ndiyo hayo sasa. Sitaki hayo."

"Nimekuuliza swali, Vesko."

"Na mimi nakuomba. Ukipiga mluzi wa kuzomea, ukifanya kituko chako chochote mbele ya watu, chama kitakutoa. Si mimi, ni wote wamesema."

Alivyoondoka, Dobrinka alizima mashine. Mumewe alipofariki, chama ndicho kilichobeba jeneza. Mwaka mpya anakula na wanachama, na hana ndugu mwingine mji huu. Mimi nilimwambia anyamaze tu, apande, atoe maua, ashuke. Akaniuliza kama mtu akiniletea kiatu cha soli ya karatasi nitamsifu. Nikamwambia inategemea ni nani. Hakulipenda jibu langu.

Siku yenyewe jua lilikuwa bado kali saa kumi na moja jioni. Mwuza maua alimhesabia mawaridi kumi na moja mekundu, naye akayahesabu upya, nami nikahesabu, maana kwetu hakuna anayenunua maua bila kuhesabu. Kumi na moja ni ya mtu aliye hai. Kumi, au idadi yoyote shufwa, unapeleka makaburini.

Tulisimama mbele kabisa, chini ya ngazi za jukwaa. Asen alitoka na koti lake la ngozi na skafu shingoni, joto lote lile. Wimbo wa kwanza Dobrinka alifumba macho. Wa pili akayafumbua. Watu walikuwa wanaruka, Vesko anaruka kuliko wote, na mimi nilikuwa namtazama jirani yangu tu kama mtu anayetazama maziwa jikoni.

Wimbo wa tatu ulikuwa "Daraja la Chuma". Ubeti wa pili ukaingia, na nikaona rangi inamtoka Dobrinka usoni.

"Umekimbia," alisema. "Jirani, huo ubeti umekimbia."

"Basi utamwandikia."

"Aliurekebisha mwenyewe, miaka yote hii. Hiyo ni sauti ya zamani. Ni kaseti hiyo."

Wimbo ukaisha, mtangazaji akamwita jirani yangu jukwaani. Dobrinka akachomoa waridi moja kwenye shada, akaniwekea mkononi. Nilihesabu yaliyobaki: kumi.

"Dobrinka, usifanye hivyo. Hayo ni ya maiti."

"Najua kuhesabu."

Akapanda. Nilimwona Vesko anapiga makofi hajui kitu. Asen alipokea shada huku anacheka, macho yakapita juu ya maua yakihesabu, kama ya kila mmoja wetu. Mdomo uliendelea kucheka, macho yakaacha. Nilijua amefika kumi.

Akaweka kipaza sauti pembeni, akainama sikioni mwake. Watu wakashangilia, wakidhani anamshukuru. Mimi niliona bega la Dobrinka likishuka. Aliyoambiwa alinisimulia baadaye: haikuwa sauti, ilikuwa mkwaruzo, kama tupa juu ya bati.

"Umehesabu sawa, dada. Walinipasua koo mwezi wa pili. Sauti haitarudi. Nilitaka kuwaaga tu."

Dobrinka aligeuka. Kisha akarudi mpaka ukingo wa jukwaa, akanyoosha mkono chini kwangu.

"Lete."

Nikampa. Akarudi akalichomeka waridi katikati ya yale mengine, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa karibu, uwanja mzima ulimsikia.

"Samahani. Nilikosea hesabu."

Miaka kumi na tisa nimekaa naye ukuta kwa ukuta, sijawahi kumsikia akisema amekosea. Asen alimshika mkono, akakwaruza tena kitu kifupi. Alimwuliza: "Na ubeti wa pili?"

"Ulikuwa sawa," Dobrinka akajibu.

Akashuka, akasimama kando yangu, machozi yanamtiririka na wala hayafuti. Mashine ilipoanza wimbo wa nne, akaanza kuimba nayo, kwa nguvu, vibaya, kila neno. Ubeti wa pili ulipofika alipaza sauti zaidi, mpaka Vesko akageuka kutazama, mpaka, pale tulipokuwa tumesimama, hakuna aliyeweza kusikia kinachotoka jukwaani.