Usingizi wa Josiane

Kaka yangu Clermont alikuwa na jambo moja la kujigambia baada ya misa: binti yake Josiane hajui usingizi. "Wenu wanasinzia mbele ya karai," aliwaambia wanaume pale nje ya kanisa, "wangu anachemsha tangu Jumatatu, macho makavu!" Na wanaume, wajinga wakubwa, walitikisa vichwa kwa wivu.

Huku kwetu Beauce, theluji ikianza kulegea, miti ya sukari hutoa maji yake kwa majuma machache tu, halafu basi, mpaka mwakani. Maji hayo hayangoji mtu. Ukiyaacha kwenye pipa yanachacha. Kwa hiyo unachochea kuni, unayachemsha kwenye karai pana, unachochea tena, na banda zima linajaa mvuke mweupe mtamu hata humwoni aliye mbele yako, unasikia kikohozi chake tu. Ukikaa sana humo unaanza kuona vitu: marehemu mama, ng'ombe mliyemuuza zamani, wewe mwenyewe ukiwa mdogo. Lakini aliyeshika karai haruhusiwi kuota. Sasa hivi ni maji, sasa hivi ni shira, ukigeuza shingo ni moshi. Mchemshaji asiyelala, kwetu, anaheshimiwa kuliko padri.

Ila hakuna aliyeuliza kwa nini halali. Josiane alikuwa anameza vidonge vya kufukuza usingizi; alivianzia kwenye kiwanda cha suruali, zamu ya usiku. Rénald, dereva wa lori la vitambaa, ndiye aliyekuwa akiwauzia wasichana: vidogo, vya kijani, utadhani peremende. Vinapikwa kwa kemikali kwenye gereji za watu, na anayevipika hajui kesho ataweka nini ndani. Unameza kimoja, unashona mpaka asubuhi ukiimba. Baadaye kimoja hakitoshi, wala viwili. Akavileta mpaka bandani. Akakonda, akawa anasaga meno hata akinywa supu ya njegere. Nikimwuliza, ananijibu kwa kicheko, "Shangazi, mimi mzima kuliko wewe."

Mpaka siku tulipomkuta msituni na kisu, anakata mipira inayoteremsha maji kutoka kwenye miti. Mti hadi mti, maji yanamwagika kwenye theluji. Alisema kuna watu ndani ya mipira wanamsengenya. Mikono yake ilikuwa damu tupu, na moyo ulimwenda mbio mpaka shati linatikisika. Hospitali walimwambia Clermont bila kuzungukazunguka: akirudia, moyo unaweza kusimama palepale.

Clermont hakujigamba tena.

Josiane akapelekwa nyumba ya kutibu waraibu, ng'ambo ya mto, akakaa huko mpaka theluji nyingine ikaanguka. Mwanzoni, waliniambia, alilala kama gogo, anaamka kula tu. Kisha usingizi ukamkimbia kabisa, na alirudi nyumbani bila huo usingizi. Nilikuwa nikimsikia akitembea ghorofani kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali akapasahau. Alizidi kuwa mpole, jambo lililonitisha zaidi. "Nikifumba macho naona kijani, Shangazi," aliniambia. "Na hamu haiji kwa fujo. Inakuja kama rafiki." Nikamwonjesha shira ya mwaka jana kwa kijiko. Akasema anaisikia kama maji ya uvuguvugu. Nililia siku ile, nikakata vitunguu nipate kisingizio.

Hata hivyo alihesabika mzima. Hakuwa amegusa kidonge, na kila juma alikwenda kwenye kikao cha wenzake kanisani chini, wanakunywa kahawa mbaya na kuambiana ukweli. Swali lilikuja na machipuo: nani atachemsha? Nyonga ya Clermont ilikuwa imekwisha, hawezi kusimama mbele ya karai. Nikamwambia auze maji yetu kwa jirani yetu Lauréat.

"Nitachemsha mimi," Josiane akasema.

"Wewe! Kwenye karai hilohilo ulikoharibikia? Una wazimu?"

"Nilikuwa nao, Shangazi, na wewe ndiye uliyenifunga kamba za viatu siku ya kupelekwa hospitali." Akacheka kidogo. Kisha akaacha. "Nikiogopa karai, kesho nitaogopa kitanda, keshokutwa barabara. Nitakaa wapi?"

Nikamgeukia Clermont. Alikuwa anaitazama meza. "Sema neno basi, baba mtu!"

"Achemshe," akasema. "Ila ukichoka, mwanangu, ita."

"Nikichoka nitaita."

Sikumwamini. Clermont naye hakumwamini. Kila mtu kijijini alijua kwamba tangu arudi usingizi haumjii, na alijua anachojaribu yule binti: kukesha na karai bila kile kitu kilichokuwa kinamkeshesha.

Jumamosi moja jua likapiga kwa nguvu na msitu mzima ukawa unadondoka. Ukisimama unasikia tone, tone, tone kila upande. Josiane alikuwa bandani tangu kabla ya alfajiri. Mchana nikampelekea maharage na nyama ya nguruwe, na mlangoni nikakutana na nani? Rénald, anatoka, mikono mfukoni.

"Huguette! Bado mrembo."

"Na wewe bado hujafa."

Akaenda zake anapiga mluzi. Nikaingia kwenye mvuke nikaita. Sauti ya Josiane ikatoka mahali fulani kwenye ule weupe.

"Alitaka nini yule mdudu?"

"Kaniletea. Kasema nimechoka, uso unaonyesha."

"Ukafanyaje?"

"Nikamwambia kweli, nimechoka. Nikamwambia aondoke navyo."

"Fungua kinywa."

Mwanamke mzima, akafungua kinywa mbele yangu kama mtoto. Hamkuwa na kitu. Lakini kilichokwisha kumezwa hakionekani, na macho yake sikuyapata vizuri kwa ule mvuke. Nikaondoka bila kumwambia neno jema, hasira imenijaa na sijui ya nani.

Nyumbani nikamweleza Clermont. Tukakaa jikoni, chai inapoa. Ilikuwa alasiri tulivu, jua limelala sakafuni, nami nikaanza kupitiwa. Ndipo harufu ikaingia. Sukari inayoungua. Hakuna mtu wa huku asiyeijua harufu hiyo.

Clermont alikuwa amekwisha kufika uani. Na nyonga ile! Alikuwa anakimbia, anaanguka kwenye theluji, anainuka. "Moyo wake," anasema. "Huguette, moyo wake." Nami nilijua hivyohivyo. Nilijua tunakwenda kumwokota.

Bandani mvuke ulikuwa umegeuka mweusi. Nikashika koleo, nikamwaga theluji kwenye karai na kwenye moto mpaka vikanyamaza. Clermont akapapasa kwenye moshi, akamkuta chini ya dirisha, juu ya lundo la kuni, ameegemea glavu zake, kinywa wazi. Hakusogea. Akapiga magoti, akaweka sikio kifuani pake. Nikasubiri. Ee Mungu, nilisubiri.

Ikatoka sauti. Khooo.

Alikuwa anakoroma.

"Amekoroma," nikasema kama mpumbavu.

"Nyamaza."

"Amekoroma na karai limeteketea! Mwamshe!" Nikanyoosha mkono. Clermont akanishika kifundo mpaka kikauma.

"Aliyemeza vile vidonge," akasema taratibu, "anaweza kulala hivi?"

Nikamtazama Josiane. Uso ulikuwa umelegea, mate yanamtoka pembeni, masizi puani. Meno hayasagani. Hakuwa amemeza. Alichoka tu kama watu wanavyochoka, usingizi ukaja ukamchukua kabla hajaita. Clermont alikuwa analia waziwazi, machozi yanaingia kwenye ndevu, nami nikakaa chini kwenye maji machafu nikamsaidia kulia.

Sasa, kwetu, aliyeunguza karai hasamehewi kimyakimya. Karai linatundikwa mbele ya banda, na majirani, waliokwisha kunusa, wanakuja na pawa zao kuligonga na kuimba jina la msinzia mpaka masikio yazibe. Na kweli haikuchukua muda, hao wakatokea kwenye njia, Lauréat mbele, upawa juu, anachekelea.

"Clermont! Nani kasinzia?"

Clermont alikuwa amesimama mlangoni, amelishika lile karai jeusi kifuani kwa mikono miwili.

"Josiane," akasema. "Josiane amelala."

Upawa wa Lauréat ukabaki hewani. Niliona jambo linamwingia, kisha linawaingia wengine, mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyecheka. Mmoja akavua kofia.

Lauréat akasogea, akanong'ona, "Na maji yenu? Pipa linafurika. Niyachukue nikawachemshie?"

"Yachukue," Clermont akanong'ona naye. "Ila ndoo zisigongane."

Basi wanaume wale wazito, na mabuti yao, wakapanga mstari kutoka kwenye pipa mpaka barabarani, wakapokezana ndoo kwa ncha za vidole, mtu akikohoa anakohoa ndani ya koti.