Siku Niliyomsemea Baba

Majina ya waliochaguliwa kwenda kidato cha tano yalipotoka, langu halikuwamo. Nilirudi nyumbani Masieda na sanduku langu la bati, nikawaambia waliokuja kunipa pole kwamba serikali imenionea huruma, imeona nikizidi kusoma nitapata mvi mapema. Walicheka, na siku hiyo ikapita. Toka hapo kila kilichoniuma nilikigeuza utani kabla mtu mwingine hajakigusa.

Ndipo ikaja amri ya kuhamia kijiji cha ujamaa, kule chini barabarani. Baba hakukataa. Alichotaka ni wiki chache tu, mahindi yakauke, na nguzo za nyumba azing'oe mwenyewe taratibu akajengee kule. Nyumba yetu ilikuwa tembe, paa la udongo juu ya miti migumu aliyoikata babu, na miti ya namna ile ilikuwa haipatikani tena. Baba hakujua Kiswahili zaidi ya salamu, kwa hiyo akaniambia nimsemee mkutanoni.

Afisa wa wilaya alikuwa mgeni, mtu wa mkoa mwingine. Wawili waliotutangulia kuomba muda aliwafokea mpaka wakakaa. Baba akasimama, akavua kofia, akasema kwa Kiiraqw bila haraka. Alitaja mahindi, akataja nguzo, akamtaja na babu. Kisha akanitazama.

“Ndugu,” nikasema, “mzee wangu hana shida ya kuhama. Ila mle ndani analala na ng'ombe, na wenye nyumba ni ng'ombe, yeye mpangaji tu. Anaomba akawaulize kwanza.”

Afisa alicheka mpaka akafuta macho. Walimu waliokaa naye mbele nao wakacheka. Nilikusudia kuyataja mahindi akishatulia, lakini alikwisha kumwita mwingine. Sitasema niliogopa tu. Niliona aibu kukitumia Kiswahili changu cha sekondari kuombea nguzo za tembe.

Baba akaniuliza chini chini, “Amekubali?”

“Amefurahi,” nikajibu.

Siku ya tatu asubuhi lori likafika. Baba alitoka na kibuyu cha maziwa, kwa sababu aliamini wamekuja kuangalia shamba. Afisa akampa shikamoo, kisha akasema, “Mzee, ng'ombe wameshakuruhusu?”

Mgambo wakaangua kicheko. Baba hakuelewa hata neno, lakini wageni wakicheka mwenyeji hucheka, naye akacheka. Alikuwa bado anacheka jembe la kwanza lilipopiga paa.

Mdomo wake ulibaki wazi. Udongo ulimwagika mlangoni, ng'ombe wakatoka wakikanyagana. Nguzo ya katikati waliifunga kamba wakaivuta kwa lori, ikakatika vipande viwili mbele yetu. Nilitafuta neno la kuchekesha. Naandika hili kwa aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa, nililitafuta.

“Yule amesema nini?” baba akauliza.

Nikamweleza yote, na utani wangu wa mkutanoni nikaurudia kwa Kiiraqw. Kwa lugha yetu haukuchekesha hata kidogo.

“Na mahindi?”

“Sikuyataja, baba.”

“Na nguzo?”

“Sikuzitaja.”

Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeelekezwa njia, akaweka kibuyu chini, akaenda kukusanya ng'ombe.

Hakunigombeza siku ile wala baadaye. Tulijenga kule chini kwa miti laini, na mahindi yetu yakaliwa na nyani.

Miaka michache mbele aliugua tumbo, nikampeleka zahanati. Mganga alikuwa wa mkoa mwingine naye.

“Mzee anasumbuliwa na nini?” akaniuliza.

Kabla sijajibu, baba alinishika mkono akanisogeza pembeni. Akaanza kueleza kwa ishara. Alijishika tumbo, akainama, akahesabu siku kwa vidole. Mganga hakuelewa, akanigeukia mimi.

“Naomba umsubiri,” nikasema.

Baba akaanza upya.