Siku Nilipozinyamazisha Breki

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila nikisikia breki ya gari ikilia, na jana uliponipigia simu kutoka kwa fundi huko Gombani ilinirudia tena. Ulikuwa unasema nami huku nyundo zinagongwa nyuma yako. Ukaniambia fundi amefungua matairi ya mbele, ameona pedi zimekwisha na diski zimelika hata ukucha wako ukakwama juu yake, anataka vyote vibadilishwe, na wewe unataka kujua mimi naonaje, kwa kuwa wiki hii una kazi ya kuwapeleka watoto skuli kisha ukimbilie kazini Wete. Nikakwambia nitakujibu. Nimeona bora nikuandikie, maana jibu langu refu, na kuna mahali pengine sauti yangu ingenikatika.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na nilikuwa najiona. Gari yenyewe hata haikuwa yangu. Ilikuwa ya mjomba wangu, Mzee Makame, kaka wa mama, gari ndogo nyeupe aliyonipa niiendeshe kwa kukodiwa baina ya Chake na Wete. Wakati ule magari madogo kisiwani Pemba yalikuwa ya kuhesabu, na kijana akishika usukani hata namna yake ya kuitikia salamu hubadilika. Niliiosha asubuhi, nikaiosha tena adhuhuri, na alasiri nikaifuta vumbi kwa kanga kuukuu ya mama yangu, yaani bibi yako. Siku za Ijumaa niliegesha mbele ya msikiti ili watu wakitoka waione. Leo nikikumbuka najicheka mwenyewe, ingawa utamu wa siku zile bado naupata mdomoni.

Basi breki zikaanza kulia. Wewe unaijua barabara ya zamani, mlima na bonde, kona juu ya kona ndani ya mikarafuu, mguu hauondoki kwenye breki. Mwanzo zililia kwenye miteremko tu, kisha zikawa zinalia kila ninaposimama, kelele nyembamba ya kukera ambayo watoto wa njiani walianza kuiigiza. Hilo la kuigizwa ndilo lililonipeleka kwa fundi. Sikwenda kwa kuogopa, nilikwenda kwa haya.

Fundi wetu alikuwa Mzee Faki, mtu wa maneno machache, shati lake siku zote lina karafuu kavu mfukoni kwa sababu alipenda kuzitafuna. Akainua gari, akavua tairi, akaniita nichungulie. Akatoa karafuu moja mfukoni, akaiweka ubavuni mwa pedi, kile kibao kinachoibana diski, kichwa cha karafuu kikakaa sambamba na lile tabaka linalosugua. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake, na mafundi wengine walikuwa wakimcheka nacho. Pedi ikiwa nene kuliko kichwa cha karafuu, unatembea. Ikilingana nacho, unaanza kutafuta nyingine. Ikizidiwa, unashuka garini. Yangu ilizidiwa mbali, imebaki nyembamba kama kucha. Kisha akanishika kidole na kunipitisha ukucha juu ya diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na tairi, toka katikati hadi pembeni. Ukucha ukakwama kwenye mifereji, ukakwama tena kwenye ukingo uliosimama pale pedi isipofika. Akanionesha na rangi ya buluu iliyotokana na kuungua. Akasema diski hiyo haifai hata kukerezwa, imekuwa nyembamba mno, na pedi mpya zikiwekwa juu yake zitaliwa kabla mwezi haujaisha.

"Ntoto weye," akaniambia, "gari hino isitoke hapa mpaka vitu vije kutoka Unguja."

Vitu kuja kutoka Unguja ilikuwa siku nne au tano, na siku ile ilikuwa Jumatano. Alhamisi kulikuwa na harusi Gando. Mama alikuwa somo wa biharusi, ndiye aliyemfunda, na mimi ndiye niliyechaguliwa kumchukua biharusi kutoka Gando kumleta kwa mumewe Chake. Nilikuwa nimeshanunua shati. Nilishajiona nikiingia mjini na gari nyeupe, vigelegele mbele na nyuma. Nikamwambia Mzee Faki kuwa naipeleka gari nyumbani polepole, ikangoje vitu huko. Mjomba aliponiuliza fundi kasemaje, nikamwambia kasema bado, kelele ni vumbi.

Sasa sikiliza ujinga wangu, nao ni ujinga ambao nadhani ungeweza kufanywa na Mpemba tu. Bibi yetu mkubwa alikuwa na chupa ya mafuta ya makonyo, yale yanayopikwa kutokana na vikonyo vya karafuu. Jino likiuma, unachovya pamba, unagandamiza, maumivu yanakufa. Nikawaza, ikiwa yananyamazisha jino, breki yatashindwaje? Asubuhi ya harusi nikadondosha matone machache kwenye diski, kushoto na kulia. Nikajaribu gari uani. Kimya. Nilifurahi hata nikaona Mzee Faki amezeeka. Kweli gari ilichelewa kidogo kusimama, lakini nikajiambia mafuta yatakauka.

Tukatoka, mimi, mama kakaa mbele, na shangazi yangu Bi Time nyuma. Mama alikuwa amepakata mkeka wa biharusi. Alikuwa ameusuka kwa miezi mitatu, miyaa ya ukindu ameipaka rangi mwenyewe, na watu wa Chake walikuwa wakija nyumbani kuutazama tu. Hapakuwa na mikono kama ile, mwanangu. Nikiwa mdogo nililala kwa kusikia miyaa ikipita vidoleni mwake. Njia nzima alikuwa anaupapasa ule mkeka na kuimba chini chini.

Tulipofika Wete kelele ikarudi. Nikasimama, nikawaambia natazama tairi, nikapenyeza mkono na kumimina chupa yote iliyobaki.

Kabla ya kufika Gando kuna mteremko. Msimu ulikuwa wa karafuu, majamvi yametandikwa kando ya barabara, harufu yake imejaa kila pahala. Nikakanyaga breki. Mguu ukaenda, gari haikujali. Nikakanyaga tena kwa nguvu zangu zote, na moshi mwembamba ukaanza kuingia ndani. Mama akaacha kuimba.

"Mbona nanusa makonyo yaungua?" akauliza.

Nilitia gea ndogo, nikavuta breki ya mkono, gari ikayumba. Kushoto, juu ya jamvi, walikuwa wamekaa wanawake wawili na mtoto mchanga, wanachambua karafuu, wametupa mgongo. Kulia palikuwa na ukingo wa udongo. Nikakata kulia. Hilo ndilo jambo moja la siku ile ambalo sijutii.

Wale wanawake hawakuguswa. Bi Time alipata nundu, mimi nilipasuka mdomo. Mama alikuwa ametanguliza mkono wake wa kulia kujikinga, na mkono ukavunjika kwenye kifundo. Hakulia. Alimpa Bi Time mkeka, akamwambia aufikishe kwa mwenyewe, kisha akakaa kando ya barabara ameushika mkono wake kwa mkono wa pili, akiwatuliza wale wanawake ambao walikuwa wanalia badala yake. Biharusi alichukuliwa na gari nyingine. Watu walipouliza kulikoni, mama akawahi kusema kuwa mbuzi alikatiza njia. Mjomba akaamini. Watu wote wakaamini.

Mzee Faki peke yake hakuamini. Alikuja kumjulia mama hali, akanywa kahawa, akaniita nje. Nilianza kumweleza kuhusu mbuzi, akaninyamazisha kwa mkono.

"Asojua namfunza," akasema. "Weye nlikufunza, ukajua. Sasa sina la kukufanya."

Akaenda zake. Nimekaripiwa mara nyingi maishani, na mengi nimeyasahau. Haya sikuyasahau, kwa sababu hakuyasema kwa hasira.

Mkono wa bibi yako haukuunga vizuri. Kusuka ukili, ile mikanda inayoshonwa ikawa mkeka, kunataka kifundo kinachogeuka, na chake hakikugeuka tena. Ule wa Gando ndio uliokuwa mkeka wake wa mwisho. Ulipokuwa mdogo uliwahi kuniuliza kwa nini bibi hasuki kama bibi za wenzako, nami nikakwambia ni uzee. Nilikudanganya, mwanangu. Hakuwa mzee. Naomba unisamehe kwa hilo, na ndiyo sababu nimeandika badala ya kupiga simu.

Yeye mwenyewe nilimwambia ukweli baada ya miaka kumi na moja. Nilimkuta amekaa barazani, mkono wake uko mapajani. Nikamweleza yote, fundi, mafuta, uongo niliompa mjomba. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nlijua tangu mle garini," akasema. "Nlikuwa nakungoja weye uniambie."

Miaka kumi na moja alikuwa ananingoja, na mwaka uliofuata alikufa. Hakuna siku nisiyotamani kuirudisha ile miaka.

Basi nikujibu. Si kila kelele ni ugonjwa. Gari ikilala nje kwenye mvua, kwa upepo wetu huu wa chumvi, diski hushika kutu, na asubuhi italia mara mbili tatu kisha inyamaze yenyewe. Hiyo iache. Lakini ikilia kila siku, au mguu wako ukihisi mtetemeko ukikanyaga, au gari ikivuta upande mmoja, usiitafutie dawa ya kuinyamazisha. Pedi za siku hizi zina kichuma kilichowekwa makusudi kipige kelele zikikaribia kwisha. Kinakusemesha. Na usimwamini fundi kwa sababu ni fundi tu. Mwambie akuoneshe, uone unene wa pedi kwa macho yako, upitishe ukucha wako kwenye diski, usome unene wa mwisho ulioandikwa ubavuni mwake na muupime pamoja. Ikiwa diski bado nene na imepata mikwaruzo tu, inaweza kukerezwa. Ikiwa imefika mwisho wake, badilisha, kulia na kushoto pamoja na pedi zake, usiweke jipya upande mmoja.

Wewe lakini uliniambia ulionyeshwa. Ukucha ulikwama, ulisema mwenyewe. Kwa hiyo fundi ameshakujibu, mwanangu, na ulinipigia mimi kwa sababu unajua nakupenda na ulitaraji nitakwambia bado. Ukiona umeshaambiwa na mtu anayejua, kisha unazunguka kutafuta wa pili wa kukwambia unalolipenda, simama hapo hapo ulipo. Mimi niliambiwa, nikajitafutia mwenyewe jibu nililolipenda, na hapo ndipo nilipopotea, kabla hata sijaigusa ile chupa.

Iache gari Gombani. Watoto waende na gari ya abiria, wakichelewa mwalimu atawasamehe, na wewe kazini useme ukweli.

Mwenyezi Mungu akulinde na wanao, akupe sikio linalotosheka kwa kuambiwa mara moja, na akufikishe uzeeni mikono yako yote miwili ikiwa mizima. Amin.