Bunduki ya Elfu Tatu na Sita

Mafuta ya cherehani hunifanya nimtazame mtu mara mbili. Fundi wa jirani na duka ninalonunulia vitenge hapa Iringa mjini akifungua kichupa chake, ile harufu nyepesi ikanifikia puani, najikuta nakagua mikono ya kila aliye karibu, nani ameshika nini na kwa nini. Mume wangu huniita mpelelezi, nami sijawahi kumkatalia. Harufu hiyo niliizoea nikiwa darasa la tano, nyumbani kwetu nje kidogo ya Rujewa, msimu ambao baba alinunua bunduki. Hakuwa na mafuta maalumu ya silaha, kwa hiyo alichukua yale ya cherehani ya mama, akachovya kitambaa na kusugua mtutu pale sebuleni, huku vumbi la pumba likitoka kwenye magunia na kumganda vidoleni. Mimi nilikaa mlangoni na daftari, nikijifanya nasoma, kumbe namchunguza. Nilimpenda sana baba yangu, na msimu ule sikumwamini.

Baba si mtu wa Rujewa. Alishuka kutoka Kilolo akiwa kijana, Mhehe aliyelelewa kwenye baridi na kwaya ya Kilutheri, akifuata maji ya mfereji na majaruba ya mpunga, na mpaka leo husema joto la Usangu liliumbwa kwa ajili ya watu wengine. Jirani yetu, Mzee Luhende, naye alikuja na ng'ombe wake kutoka Usukumani, safari ya miezi mingi. Wageni wawili wakakutana kwenye nchi ya Wasangu, wakapatana kwa namna ya watu wanaohitajiana. Maksai wa Mzee Luhende walilima majaruba yetu kabla mvua hazijakolea. Sisi tukishavuna, ng'ombe wake waliingia kula mabua. Maksai wale wasingekuja, sisi tusingepanda, kwa sababu udongo ule mzito haukuwa wa kuchezea na jembe la mkono. Hakukuwa na karatasi iliyoandikwa wala shahidi, ni maneno tu ya watu wawili. Mimi na binti yake, Kabula, tulikuwa tukiamia ndege pamoja, tukipiga makopo kuwafukuza kwelea kwelea mpaka sauti zinakauka. Lakini mwaka mmoja kabla ya habari hii, ng'ombe walivunja uzio wakala kitalu chetu chote cha miche, na baba kwa hasira alisema mbele ya watu, "Iko siku nitawapatia dawa hawa." Baadaye alieleza kuwa alimaanisha uzio wa miiba. Waliomsikia hawakuwa na haja ya maelezo.

Mwaka uliofuata, mpunga ulipoanza kuinamisha vichwa, nguruwe pori walituingilia. Nguruwe pori hali tu, anachimbua, anagaragara, na asubuhi unakuta jaruba zima limelala kama mkeka. Juu ya hao alikuwepo kiboko mmoja aliyehamia kwenye kona ya mto, mkubwa, mpweke, anayetoka alfajiri kula anapotaka. Baba akazunguka ofisi moja hadi nyingine mpaka akapewa ruhusa ya kumiliki silaha. Kulikuwa na mwindaji mmoja mstaafu Mbeya mjini aliyekuwa akiuza bunduki zake tatu kihalali, na baba alitakiwa kuchagua moja. Ndipo bwana nyama wetu, kama tulivyomwita afisa wa wanyamapori, alipokuja nyumbani na risasi tatu tupu zisizo na baruti, akazisimamisha mezani kando ya bakuli la karanga.

"Hii ndogo, ishirini na mbili, ni ya tumbili na kanga," alisema. "Ukimpiga nayo nguruwe utamkasirisha tu, halafu yeye ndiye atakayekuwinda wewe." Akagusa ile nene. "Hii ni tatu saba tano. Hii inamlaza kiboko. Lakini ukimpiga nayo nguruwe, risasi inampita inaenda kutafuta mtu ng'ambo ya mfereji." Akamaliza na iliyosimama katikati. "Hii ya kati ni ya nguruwe, hata pofu, yule swala mkubwa kama ng'ombe, akitokea. Kiboko usimguse nayo, tutazikana."

Ile ya kati hakuitaja namba yake. Nimelirudia jambo hilo kichwani mara nyingi, kwa sababu laiti angeitaja, nisingekuwa na cha kuandika. Baba alizigeuzageuza zile risasi wiki nzima. Hakuuliza tu ipi inaua nini, aliuliza pia nani atafikiri nini. Akichukua ndogo, nguruwe watamcheka. Akichukua kubwa, atakuwa tayari kwa kiboko, lakini Mzee Luhende ataielewaje? Na kweli, asubuhi moja Mzee Luhende alipita na fimbo yake mabegani, akaamkia "Mwangaluka," baba akamjibu "Kamwene" kama kawaida yao, kila mmoja kwa lugha yake. Wakaongea mvua, wakaongea bei ya mpunga, kisha mzee akasema kana kwamba limemjia tu, "Jirani, nasikia unachagua bunduki. Chukua hiyo ndogo. Nguruwe yeye anaogopa mlio tu."

Baba alimshukuru kwa heshima zote. Alipotokomea, baba akamgeukia mama. "Umemsikia? Anataka niwe na ya kuulia kanga. Ng'ombe wake wakiingia, niwapigie makofi."

"Na ukichukua ile kubwa, Baba Twilumba, yeye atasemaje?" mama akauliza.

Baba akaanza kuhesabu nauli. Alikwenda Mbeya, akarudi na kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye blanketi, na hakumwambia mtu amechukua ipi. Alisema mambo ya silaha si ya kutangaza barabarani. Labda alikuwa sahihi, lakini pale kwetu mtu asiyesema jambo huhesabiwa kuwa analificha. Mimi mwenyewe nilihesabu hivyo. Siku alipokwenda kumwagilia, nilifungua sanduku lake la bati nikaitoa karatasi ya kibali. Nilikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu, mwalimu alinitumia kusahihishia wenzangu, na sikuwa mtu wa kuogopa namba. Karatasi ilisema, kwa mwandiko wa mkono, chini ya wino wa mhuri uliotapakaa: 3006. Elfu tatu na sita. Nikakaa chini. Ya kiboko ni mia tatu sabini na tano. Nikagawanya kwa kijiti kwenye vumbi: mara nane, na sita zinabaki. Baba yangu alikuwa amenunua bunduki inayowatosha viboko wanane, na nguruwe hana ukubwa huo. Nilijiuliza kuna mnyama gani mwingine pale Rujewa, na jibu nililolipata lilikuwa linatembea kila jioni mbele ya nyumba yetu likipiga kengele shingoni.

Kesho yake nikamwambia Kabula. Sikutaka kuchonganisha, nilitaka tu mtu wa kuogopa pamoja naye. Kabula alinikazia macho, akauliza, "Elfu tatu kweli? Umeona mwenyewe?" Nikamwambia nimeona, nimegawanya, imeingia mara nane. Kufikia Jumamosi, wanawake kwenye mashine ya kukoboa walikuwa wakinyamaza mama anapoingia. Mzee Luhende akaacha kupita kwetu. Ng'ombe wake wakaswagwa kwa njia ndefu ya nyuma, wakizunguka shamba letu kana kwamba lina ugonjwa. Baba naye akaliona hilo, akasema, "Anayezunguka hivyo ana jambo," na kuanzia hapo akawa anatoka alfajiri na bunduki kila siku, akikaa kwenye tuta na kuangalia upande wa zizi la jirani kuliko upande wa porini. Kila mmoja alikuwa na ushahidi wake, na kila ushahidi ulizalishwa na mwenzake. Kabula alikuja mara moja tu kunieleza kwamba baba yake amesema maksai wanaumwa na huenda wasilime mwaka huo. Niliwaona maksai wale siku ileile wakikimbizana kwenye nyasi.

Halafu ikaja ile asubuhi. Jua lilikuwa ndiyo linachomoza, mama amekwisha kwenda mashineni, nami nakoroga uji. Nikasikia ng'ombe akilia upande wa mtoni, sauti mbaya, ndefu. Kisha mlio mmoja wa bunduki. Baba akatokea mbio, suruali imelowa mpaka magotini, akaiingiza bunduki ndani, akafunga mlango kwa kufuli, akarukia baiskeli na kuondoka bila hata kunitazama. Sikuwahi kumwona baba akikimbia. Haukupita muda Mzee Luhende akaja na vijana wake na fimbo zao, midomo imemkauka. Jike lake kubwa, mama wa zizi zima, lilikuwa limelala kando ya mto na tundu ubavuni linaloingia ngumi.

"Baba yako yuko wapi, mayu?" aliniuliza. Aliniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, kama alivyomwita Kabula, na sauti haikuwa kali.

Nikasema, "Amekimbia."

Neno moja tu. Ningeweza kusema ameondoka, au ameenda mjini, au sijui. Nilisema amekimbia kwa sababu ndivyo nilivyoamini, na Mzee Luhende akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeletewa jibu alilokuwa nalo tayari. Watu wakajaa uani kwetu. Mama aliitwa, akaja na unga nyweleni, akasimama mbele ya mlango wenye kufuli asijue anazuia nini. Wazee walikaa kivulini wakinong'ona "elfu tatu, elfu tatu," na vijana walikuwa wameacha kunong'ona. Uji wangu ukaungulia jikoni.

Baba alirudi juu ya pikipiki ya bwana nyama, ameketi nyuma, baiskeli akiwa ameiacha huko huko. Hakukimbia, alikwenda kuita. Watu wakawazunguka, na Mzee Luhende akasema kwa sauti ya kusikika, "Bunduki ya elfu tatu na sita. Mtu ananunua kitu cha namna hiyo kwa nguruwe? Mmeona sasa alichokinunulia."

"Elfu tatu ya nani?" baba akauliza. Alishangaa kweli.

"Ya kwako. Binti yako ameisoma kwenye karatasi."

Baba akafungua kufuli, akaileta ile karatasi; bwana nyama akaitazama, akatuona tulivyo, na kicheko alichokuwa nacho akakimeza. Akamwomba baba risasi moja, akatoa nyingine kwenye mfuko wake, akazisimamisha juu ya kinu cha mama. Ya baba ilikuwa fupi kidogo, nyembamba, imepitwa kwa kila hali na ya mia tatu sabini na tano. "Hii haisomwi elfu tatu na sita," alisema. "Inasomwa thelathini, sifuri sita. Thelathini ndiyo unene wake. Hiyo sita ni ya mwaka walioanza kuitumia huko ilikotoka. Hapa katikati pana kistari, mhuri umekificha." Kisha akatupeleka mtoni sote. Akamgeuza yule ng'ombe, akaonyesha matundu mengine upande wa pili, yamekaa sambamba, na nyama iliyopasuka. Halafu akaonyesha tope. Nyayo za vidole vinne, pana, zikitoka majini na kurudi majini.

Baba ndipo akaeleza. Alimwona kiboko amemkamata jike lile alipokwenda kunywa maji. Alikuwa na bunduki ambayo alionywa asimguse nayo kiboko, basi akapiga hewani, kiboko akamwachia ng'ombe, lakini kwa kuchelewa. Alijua akija kwa Mzee Luhende na bunduki mkononi na hadithi ya kiboko, hakuna atakayemwamini, ndiyo maana akamfuata kwanza mtu atakayeaminika. Kisha akamwambia jirani yake, bila ukali, "Tatu saba tano niliishika mkononi kule Mbeya. Niliiacha kwa sababu yako, usije ukalala na wasiwasi."

Mzee Luhende alitazama tope. Ningependa kuandika kwamba walishikana mikono. Kilichofuata ni kwamba siku chache baada ya mavuno alileta maksai mwenyewe, mapema kuliko mwaka wowote, akalima majaruba yetu yote na kona zake, akakataa chai, akaondoka. Mwaka uliofuata aliswaga mifugo yake kuelekea kusini, na Kabula akaenda naye. Watu walisema ni malisho. Mimi nadhani ilikuwa aibu, na aibu ile ilikuwa pia yangu.

Baba hakunichapa. Jioni ile aliketi na kitambaa na kichupa cha mafuta ya cherehani, akasugua mtutu muda mrefu, kisha akaniuliza bila kuinua macho, "Hata wewe, Twilumba?" Nililia.

Sasa ninafundisha hesabu sekondari. Wanafunzi wangu wakiona namba wasiyoijua wanaiuliza simu, na kabla sijafuta ubao wamekwisha kunisahihisha. Nawaonea wivu, lakini si sana, maana nawaona pia wakichunguzana nani alikuwa hewani saa ngapi na amesoma ujumbe wa nani akakaa kimya, na hesabu zao huingia mara nane kama zangu. Baba aliirudisha bunduki polisi macho yalipoanza kumsaliti. Mwezi uliopita nilikwenda kumwona Rujewa, nikamkuta na bahasha ya vidonge vya presha, akanipa nimsomee. Nikasoma: kimoja, mara mbili kwa siku. Akaipokea bahasha, akampa mama aliyekuwa anapepeta mchele.

"Hebu hakiki, Mama Twilumba," alisema. "Huyu akisoma, namba huwa zinakua."

Tulicheka wote watatu, mimi nikicheka kuliko wao ili wasinione usoni. Mama alivaa miwani, akasoma, akasema vilevile nilivyosema mimi. Ndipo baba akameza.