Pombe ya Pipa la Chuma

Mimi ni mtu wa kushuku. Jirani akinikaribisha kikombe, nasubiri kwanza anywe yeye. Sikuzaliwa hivyo. Nilifunzwa nyumbani kwetu, katika kambi ya wafanyakazi wa reli huko Élisabethville, mwaka ambao moyo wa baba ulianza kwenda ovyo.

Kila jioni baba alikunywa pombe ya mahindi aliyoipika mama. Zamani mama aliichachusha katika mitungi ya udongo, lakini mitungi ilipasukapasuka, na baba akaleta pipa la chuma kutoka karakana. Karibu wanawake wote wa kambi walikuwa wamehamia kwenye mapipa. Pombe ililala humo mpaka ikawa kali, yenye ladha ya msumari uliolambwa. Baba aliipenda hivyohivyo, akasema ya mitungi ni maji matupu.

Miaka ikapita, ngozi yake ikageuka rangi ya majivu. Akawa anapumzika katikati ya kazi. Nilikuwa binti yake wa pekee, na nilipolaza sikio kifuani pake nilisikia moyo ukikimbia, ukinyamaza, kisha ukiruka. Niliogopa sana. Muuguzi wa zahanati aliusikiliza, akakunja uso, akampa vidonge ambavyo mama alivitazama kwa jicho baya. Alimshuku muuguzi.

Shangazi, dada mdogo wa baba, alimshuku mama kwamba anamtilia baba sumu. Alikuja kwa treni kutoka Sakania, akakataa kula chakula chetu, akafungua vyungu vyote na kunusa. Mimi nikaanza kumshuku shangazi. Nyumba nzima tulikuwa tunatazamana mikono.

Jumapili moja baada ya misa shangazi aliwakusanya ndugu wa baba. Kwetu mpika pombe huonja kwanza mbele ya wageni, kuondoa mashaka. Siku hiyo haikuwa kuonja. Mama akionekana na hatia angerudishwa kwa wazazi wake, na mimi ningebaki kwa ukoo wa baba.

"Mulamu, leo we utakunywa wa kwanza," shangazi alimwambia wifi yake. "Na utamaliza."

"Iko mahindi na maji," mama akajibu.

"Basi kunywa."

Mama, ambaye kwa kawaida hakupenda pombe, alichota kutoka katika pipa, akamaliza kibuyu kizima. Tukakaa tunamtazama mpaka jua likapinda. Sikumwondolea macho hata kidogo, na nasema kweli, kuna wakati nami nilingoja aanguke. Hakuanguka. Alijifuta mdomo, akaenda kuosha vyombo.

Shangazi akalia, akaomba msamaha, kisha akamjazia baba kibuyu kwa mkono wake mwenyewe.

"Kunywa, yaya. Hamuna kintu," akamwambia kaka yake.

Baba akanywa kwa furaha, na siku zilizofuata akanywa zaidi, kwa kuwa sasa pombe ya mke wake ilikuwa imesafishwa jina mbele ya ukoo. Mvua zilipoanza, alianguka kando ya behewa akiwa ameshika kifua. Hakufika zahanati.

Nilipokuwa mtu mzima, daktari mmoja alinieleza. Pombe kali hula chuma cha pipa kidogokidogo, akasema, na mwili hauna njia nzuri ya kutoa chuma kilichozidi. Hujilundika kwenye ini, kisha kwenye moyo, na moyo ukapoteza mapigo yake. Kibuyu kimoja hakimdhuru mtu. Cha kila jioni, miaka na miaka, ndicho huua. Hakuapa kwamba ndivyo baba alivyokufa, maana hakumpima. Nilimuuliza mara mbili, kwa njia mbili tofauti, nione kama atajipinga. Hakujipinga.

Nikamweleza mama, nikidhani nampelekea faraja: hapakuwa na mchawi, hapakuwa na mtu mbaya. Alikuwa anachambua mboga. Akaacha.

"Basi shangazi yako alikuwa na haki," akasema. "Ilikuwa mule. Na ni mimi nilimupikia."

Nikamwambia daktari yule ni mwongo. Mama hakuniamini.